Wodi Iliyojengwa kwa Majani ya Jumatatu

Siku ya kwanza kufika kazini nilivaa viatu vyeupe. Chuoni tulifundishwa kwamba muuguzi huanza kutibu kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyovaa, na mimi nililiamini neno hilo kuliko mengine yote niliyosoma. Gari lilinishusha Ikonge. Kutoka hapo nilitembea saa moja na nusu, nikiteremka bonde na kupanda jingine, na mvua ya mchana ilikuwa imetangulia kupita njia ile ile. Nilipofika zahanati viatu vilikuwa na rangi ya udongo wa huku, na havikurudi kuwa vyeupe hadi siku nilipovitupa. Ninyi mnaoanza kazi sasa mnafikishwa na pikipiki hadi mlangoni, mkiwa mmevaa raba nyeusi. Mnafanya vyema.

Jina la zahanati silitaji, maana watu wake wako hai na wanapenda kusemwa kwa mazuri tu. Inatosha kujua kwamba iko kaskazini mwa Nyamira, ukiipita Ikonge kuelekea upande wa Nyaramba, kwenye mgongo wa kilima ulionyeshewa mvua mpaka ukazoea. Ofisini mjini kituo chetu kiliitwa "kule juu". Dawa za kule juu zilipelekwa mwisho, na mara nyingine huo mwisho haukufika.

Mimi ni mtoto wa mjini. Nimezaliwa Kisii mjini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yangu, Mzee Idi. Babu yake alikuja kutoka pwani na mzigo wa nguo, akaoa hapa, na safari ya kurudi ikaahirishwa hadi leo. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Ekegusii nilikijua cha sokoni: salamu, bei, na matusi mawili matatu ambayo mama hakujua kwamba nayajua. Baba hakupenda niende vijijini. Alikuwa amenitafutia nafasi kwenye kliniki ya rafiki yake, hatua chache kutoka dukani, na nilipoikataa alikaa wiki nzima akinisemesha kupitia kwa mama. Asubuhi ya kuondoka alinieleza jambo moja tu, kwamba huko hakuna msikiti. Nikamjibu kwamba kuna wagonjwa. Akaendelea kupima misumari ya mteja kwenye mizani.

Aliyenipokea alikuwa Sista Yunes, msimamizi wa zahanati. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, Msabato wa dhati ambaye hakuonja chai maisha yake yote, ingawa dirisha la nyumba yake lilitazama chai upande wote. Alinisalimu, akatazama viatu vyangu, akaingia stoo. Alitoka na gambuti kuukuu zilizonizidi saizi mbili. Jina langu, Zuhura, lilimpa taabu kidogo, na wanakijiji liliwapa taabu zaidi. Kabla wiki haijaisha nilikuwa Sista Sura. Watoto wa shule waliojua Kiswahili walinikodolea macho usoni wakitafuta kilichofanya uso wangu utajwe namna hiyo.

Zana ya kwanza aliyonifundisha ilikuwa friji. Msicheke. Friji ya chanjo ilitumia mafuta ya taa, na chini yake kulikuwa na utambi. Moto ukiwa wa buluu, friji inatunza baridi. Ukiwa wa manjano, inatoa masizi, na chanjo za kijiji kizima zinakuwa maji ya kawaida bila mtu kujua. Kila asubuhi kabla ya kazi nililala kifudifudi sakafuni na kioo kidogo cha kujitazamia, nikiukagua moto ule kwa chini. Wagonjwa wa mapema waliamini kwamba Waislamu ndivyo tunavyosali.

Siku ya pili nilipata funzo la lugha. Nilijua vizuri kwamba kwa Ekegusii "baba" ni mama mzazi. Lakini msichana aliyekuja asubuhi hiyo alinisemesha Kiswahili, nami nikamsikia kwa Kiswahili. Alisema baba yake yuko nje, miguu imevimba, kichwa kinamuuma. Nikachukua kadi, nikaanza kuuliza. Baba anakunywa pombe? Hapana. Anakojoa vizuri? Nadhani. Anafanya kazi gani? Anachuma majani, lakini siku hizi haendi kwa sababu ya mimba. Kalamu ikasimama. Sista Yunes alikuwa kwenye meza ya pili akihesabu vidonge, na nikaona mabega yake yakitikisika. Tulimwingiza huyo baba, na shinikizo lake la damu lilikuwa juu kweli, kwa hiyo kicheko hakikudumu. Tangu siku hiyo sikuandika neno "baba" kwenye kadi bila kumwona mwenyewe.

Sista Yunes hakuwa mtu wa hotuba. Alifundisha kwa kukushika mkono na kuuweka tumboni kwa mama mjamzito, akasubiri mpaka wewe mwenyewe useme kichwa cha mtoto kiko wapi. Ukikosea, hakukuambia umekosea. Aliusogeza mkono wako kidogo, akasubiri tena. Alikuwa na kauli moja tu aliyoirudia: "Nawa mikono kwanza, halafu ndiyo useme haiwezekani." Maana yake ni kwamba mtu akishanawa huwa amekwisha kupata njia. Si kweli kila mara. Ni kweli mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Jambo ambalo hata yeye hakuwa na njia nalo lilikuwa uzazi. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Kanuni ilisema tusizalishe, kwa kuwa hakuna wodi, na mama akikaribia siku zake tumpeleke hospitali ya Nyamira. Tuliwaambia hivyo akina mama, wakaitikia kwa adabu, wakaenda nyumbani kuzaa. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Hospitali ilikuwa mbali, barabara ilikuwa ya udongo, na uchungu wa uzazi hauna ratiba ya magari.

Mwaka wangu wa pili, siku moja Sista Yunes alikwenda Nyamira kufuata dawa, nikabaki peke yangu. Yapata saa nane mchana, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, niliona watu wanne wakipanda njia wamebeba ngazi iliyotandikwa mablanketi. Juu yake alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Kemunto. Mbele yao alitembea mama mkwe wake, Nyanchama, mjane wa makamo, mrefu, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Kemunto alikuwa amejifungua asubuhi nyumbani. Mtoto alikuwa mzima, ameachwa na jirani. Lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, na damu ilikuwa inatoka.

Nilifanya kila nililofundishwa. Nilimwekea dripu, nikamchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, nikatoa mkojo kwa mpira, nikajaribu tena. Kondo halikusogea. Mapigo ya moyo wake yalikuwa mepesi na ya haraka chini ya vidole vyangu, na midomo yake ilikuwa imepauka. Chuoni, ukifika hatua hiyo, daktari alikuwa mwisho wa ukumbi. Hapa mwisho wa ukumbi kulikuwa na migomba. Nilinawa mikono. Nilipokuwa nanawa nikasikia injini ikiguruma upande wa pili wa kilima, na nikakumbuka ni siku ya majani.

Kwa asiyejua mambo ya huku, mkulima huchuma chai asubuhi na kuipeleka kituo cha kununulia majani, ambako karani huipima na kuiandika chini ya namba yake. Mchana lori la kiwanda huja kuyakusanya. Siku kama ile, lilikuwa ndilo gari pekee kwenye mgongo ule wa kilima lililoweza kushinda matope. Nilimwacha Kemunto na wale wabebaji, nikawaonyesha namna ya kushikilia chupa ya dripu juu, nikakimbia. Gambuti zilizokuzidi saizi mbili hukimbia kwa mwendo zinaoutaka zenyewe.

Dereva, aliyeitwa Mogaka, nilimkuta ameegemea mlango, lori limejaa nusu. Nilimweleza. Alinisikiliza vizuri, akavua kofia, akaivaa tena. Alisema ana huruma, lakini hairuhusiwi kabisa. Gari lile lilikuwa la majani. Mwenzake alibeba mtu mwaka uliotangulia akafukuzwa siku hiyo hiyo, na yeye ana watoto watano.

Nyanchama alikuwa amenifuata nyuma. Alifika akihema, akanipita, akampita Mogaka, akaenda moja kwa moja kwa karani wa mizani. Hakupaza sauti.

"Majani yangu ya leo iko gari gani?" akauliza.

Karani alimwonyesha lile lile lori, hakukuwa na jingine.

"Basi nishushie. Narudi nayo nyumbani."

Karani alimwambia yameshapimwa na kuandikwa. Nyanchama akasema kalamu iliyoandika inaweza kufuta. Wanawake waliokuwa kwenye mstari walikuwa wamekwisha kusikia habari nzima. Mmoja akasema na yake yashushwe. Mwingine akabeba kikapu chake kutoka kwenye mizani, akakiweka chini kando ya miguu yake, akakunja mikono. Halafu wote wakafanya hivyo, mmoja mmoja, bila mtu kuamrisha. Nimeona migomo mingi katika kazi hii, mingine nilishiriki, lakini sijaona mwingine uliofanywa kwa utulivu ule.

Mogaka aliutazama ule mstari. Alifungua mlango wa lori. "Sista, wacha majani ikae," akaniambia. "Atalalia nini?"

Tulikwenda na lori hadi zahanati kumchukua Kemunto. Malori ya majani yana ndoano za kutundikia magunia ya wavu. Tulishusha magunia kadhaa yakawa godoro, tukamlaza Kemunto juu yake, na chupa ya dripu nikaitundika kwenye ndoano iliyoachwa wazi. Sijapata tena stendi ya dripu iliyofaa kama ile. Lori lilipoyumba, chupa iliyumba na kubaki wima. Majani mabichi yakirundikwa hupata joto, na joto lile lilimsaidia, kwa kuwa alikuwa anatetemeka. Nyanchama alikaa kichwani pake akamzungumzisha njia nzima. Alimsimulia bei ya ndizi, ugomvi wa majirani, ng'ombe atakayezaa mwezi ujao. Alipoona macho ya Kemunto yanataka kufumba, alimuuliza swali na akadai jibu.

Tulifika Nyamira. Daktari alimwingiza chumba cha upasuaji na kulitoa kondo, na wawili kati ya wale wabebaji, waliokuwa wamedandia lori nyuma, walitoa damu. Kufikia machweo Kemunto alikuwa anaomba uji. Nilitoka nje ya wodi, nikamkuta Sista Yunes na katoni zake za dawa kwenye benchi, maana habari ilikuwa imemfikia humo humo hospitalini. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye gambuti. Nguo yangu ilikuwa na damu na vipande vya majani. Akasogea kunipa nafasi nikae, na nikalia kidogo, naye akaendelea kusoma orodha yake ya dawa mpaka nilipomaliza.

Mogaka alisimamishwa kazi. Baada ya wiki mbili akarudishwa, kwa sababu waliojaribu kuliendesha lori kwenye kilima kile wakati wa mvua walilitia mtaroni mara mbili.

Mwezi mmoja baadaye Nyanchama alikuja zahanati na mkungu wa ndizi zilizoiva. Nilidhani ni shukrani, na ilikuwa shukrani, lakini alikuwa amekuja na swali pia. Alitaka kujua ni nini hasa kinachomzuia mwanamke kuzalia hapa. Sista Yunes akamweleza: hakuna chumba. Ofisi imeandikiwa barua, na ofisi imejibu kwamba mwaka huu hakuna fungu, na mwaka jana ilijibu hivyo hivyo.

Nyanchama akamenya ndizi. "Serikali haina pesa," akasema. "Sisi tuko na majani."

Wazo lake lilikuwa rahisi. Zahanati ifunguliwe namba kwenye kituo cha majani, kama mkulima yeyote. Siku moja kila wiki, kila nyumba iliyo tayari ilete kikapu kimoja kipimwe chini ya namba hiyo. Aliyesumbua ni mwenyekiti wa kamati ya zahanati, Mzee Nyakundi, mtu mwema aliyependa vitu vionekane kutoka barabarani. Yeye alikubaliana na kila kitu, ila alitaka tuanze na geti. Geti la chuma, lenye jina la zahanati kwa juu, na chini yake kwa herufi ndogo majina ya kamati. Alisema wafadhili hawawezi kusaidia mahali wasipopaona. Mkutano ule ulichukua mchana mzima, na geti liliingia na kutoka kwenye ajenda mara nne. Mwishowe Sista Yunes alimuuliza kwa upole kama geti litazalisha mtu. Mzee alicheka kuliko sisi wote, akaandika wodi namba moja. Geti likawa namba mbili, na huko ndiko liliko hadi leo.

Ikabaki kuchagua siku. Jumamosi Wasabato hawagusi kazi. Jumapili Wakatoliki wako misani. Mtu mmoja akasema Ijumaa, kisha akageuka kunitazama na kuuliza kama hiyo si siku ya Sista Sura. Nilisema mimi sina hata mche mmoja wa chai, kwa hiyo wasinijali. Wakanijali. Ijumaa ikafutwa. Kwa hiyo ikawa Jumatatu.

Kutangaza jambo hilo nilipewa mimi, nadhani kwa sababu mgeni huonewa haya. Jumamosi nilisimama mbele ya kanisa la Sabato nimejifunga mtandio, nikiomba majani kwa Ekegusii cha sokoni. Jumapili nikasimama kwa Wakatoliki. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimekwenda kusali mjini. Siku tatu mfululizo katika nyumba za Mungu, na sijawahi kusali sana kiasi hicho kabla wala baada. Kwa Wasabato nilikosea neno moja, badala ya kuomba kikapu nikaomba kitu kingine ambacho sitakiandika, na kanisa lilicheka mpaka mchungaji akafuta macho. Jumatatu iliyofuata vikapu vilijaa uwanja wa kituo cha majani. Aliyekuwa hana chai alileta mawe kutoka mtoni.

Tulichimba msingi. Kuta zikapanda. Vijana wa Mzee Nyakundi walichonga mawe, na fundi alikula kwa zamu katika kila nyumba, akanenepa. Kuta zilipofika kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, ikanyesha mvua ya mawe. Ilinyesha dakika chache tu, na ilipokwisha mashamba yalikuwa meupe, na meupe yalipoyeyuka yalikuwa meusi. Machipukizi yote yalikuwa yamepondwa. Kwa majuma mengi hapakuwa na majani ya kupeleka Jumatatu wala siku nyingine, na watu walipunguza mlo. Hakuna aliyethubutu kutaja wodi. Kuta zilisimama bila paa, mbuzi wakaanza kujikinga humo, na mimi niliyekuwa nimewaomba watu majani yao nikawa napita njia ya nyuma.

Wakati huo ndipo baba alipokuja. Hakuwa amekanyaga huko tangu nianze kazi. Mama alikuwa amemweleza kwamba kwenye simu sauti yangu imebadilika, akafunga duka Jumapili na kuja kuangalia. Alikuja na kanzu yake na viatu vyake vyeusi vya mjini, na nilipomwona akiteremka ule mteremko sikuwa na uhakika nicheke au nimkimbilie. Nilimkimbilia.

Habari kwamba baba yake Sista Sura amefika, yaani baba wa Kiswahili, ilitangulia kila mahali. Nyanchama alituita kwake. Nilikuwa na wasiwasi, maana nilijua watachinja na baba hatakula, na kukataa chakula cha mtu huku ni neno zito. Tulipoketi, Kemunto akaja na jogoo hai amemshika miguu, na nyuma yake Nyanchama na kisu kilichonolewa upya, juu ya sinia safi. Akapiga goti kidogo.

"Mzee, sisi hatujui maombi yenu," akasema. "Chinja wewe, sisi tutapika. Sufuria ni mpya."

Baba alimtazama yule jogoo. Halafu akakunja mikono ya kanzu, akauliza kibla kiko wapi. Sote tuligeuka tukamwonyesha, pamoja na Kemunto, kwa sababu kila mtu kijijini alikuwa ameshaniona nikisali na alijua ninaelekea kwenye ule mti wa mkaratusi. Baba akachinja. Alikula vizuri, na ugali wa wimbi wa Nyanchama akauomba mara ya pili. Baada ya chakula Kemunto alimletea mtoto wake ampakate, na ndipo Nyanchama alipomsimulia habari ya lori. Baba alikuwa hajawahi kuisikia. Mimi sikuwa nimemwambia, kwa kuogopa atanirudisha nyumbani.

Jioni nilimsindikiza. Tulipita kwenye zile kuta, akasimama. Aligonga jiwe moja kwa kifundo cha kidole kama anavyogonga tofali dukani. Akapima upana kwa hatua, akapima urefu, akasogeza mbuzi mmoja kando, midomo ikihesabu.

"Hii inataka mabati themanini," akasema. "Na mbao za paa. Nani aliyewauzia hii linta? Imepinda."

Nilimwambia kwamba hatuna uwezo wa mabati kwa sasa, mpaka chai ichipue. Akasema hakuuliza kama tuna uwezo. Tulitembea kidogo. Halafu akaniambia kwamba asubuhi ile niliyoondoka nyumbani alikuwa amekosea kupima misumari, mteja akapata zaidi, na hajawahi kukosea mizani kabla ya hapo. Huo ndio msamaha pekee ambao baba yangu aliwahi kuniomba, na ulinitosha.

Mabati yalikuja wiki iliyofuata. Barabara ilikuwa imekatika tena, na kutoka Ikonge yaliletwa na Mogaka, kwenye lori la majani, ambalo haliruhusiwi kubeba mabati. Chai ilipochipua, Jumatatu zikarudi. Afisa wa afya alikuja kukagua, akasifu jengo, kisha akatupa karatasi ya yanayokosekana: tangi la maji, shimo la kondo, taa, pazia, kitanda cha kuzalishia. Ninyi vijana mkipewa karatasi kama hiyo msikasirike. Ilikuwa barua ya kwanza kutoka ofisini iliyotuambia kinachohitajika badala ya kutuambia kisichowezekana. Tulikamilisha kila mstari. Kitanda, kwa haki yao, walileta watu wa ofisi.

Mtoto wa kwanza alizaliwa humo saa nne asubuhi, ikinyesha, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba Sista Yunes na mimi tulizungumza kwa ishara. Hatukumsikia akilia. Tuliona tu mdomo umefunguka mpana, ngumi zimekunjwa, na tukajua. Nje, wanawake waliokuwa wanasubiri kliniki walituona dirishani tumemwinua, na vigelegele vyao vikashinda mvua.

Baada ya Sista Yunes kustaafu nilishika funguo mimi, na miaka ikaenda mbio. Ugatuzi ulikuja na kaunti. Dawa zikawa zinafika zaidi ya zamani, ingawa si kila mara. Friji ya mafuta ikaondoka, ikaja ya jua, nami nikabaki asubuhi bila sababu ya kulala sakafuni. Gari la wagonjwa sasa hupanda hadi mlangoni. Vituo vingine vilivyopewa kila kitu kwa mkupuo vilikuwa na rangi nzuri kuliko chetu, lakini kwetu hakuna dirisha lililowahi kuvunjwa. Mtu akijaribu hukuta bibi fulani anayejua ni vikapu vingapi vilikwenda kwenye kioo kile.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Sherehe ilikwisha fanyika, na hotuba, na blanketi tatu, na mbuzi. Alhamisi nilikwenda tu kumkabidhi vitu Sista Faith, muuguzi mpya, binti mwenye haraka ya kazi na simu isiyonyamaza. Tulikuwa ofisini na daftari la vifaa, yeye akisoma, mimi nikithibitisha. Mikasi sita. Mabeseni manne. Kutoka wodini sauti ya mwanamke ikaita, "Sista."

Nilikwisha simama, miwani mkononi. Sista Faith alikuwa amesimama pia. Alinitazama, akasubiri, kwa sababu ana adabu na mimi ni mkubwa.

Nikaketi. "Nenda," nikamwambia. "Ni wewe unayeitwa."

Alikwenda. Nikamsikia kupitia ukutani akimuuliza yule mama jina lake, kabla ya kumuuliza neno lingine lolote, kisha akavuta kiti. Niliweka funguo juu ya daftari, nikachukua mkoba wangu, nikatokea mlango wa nyuma ili nisiwakatize.